Kompyuta Juu ya Zulia: Namna ya Kuiweka kwa Usalama

Ndugu wakazi wa Busia, Malaba, Mutukula na vituo vingine vya mpakani, ofisi za mawakala wa forodha na vyumba vya kuchapishia nyaraka katika miji yetu ni vidogo. Meza hujaa mihuri na mafaili ya wateja, hivyo sanduku la kompyuta hushushwa sakafuni, juu ya zulia. Hatuwalaumu wafanyao hivyo. Lakini sanduku lililowekwa ovyo huweza kuzimika siku ya mizigo mingi, au likawa chanzo cha moto katika jengo ambalo vyumba vyake vimetenganishwa kwa plaiwudi.

Kompyuta huhitaji hewa. Katika masanduku mengi ya siku hizi, kifaa kinachopokea umeme huwa chini kabisa, na feni yake huvuta hewa kupitia matundu ya upande huo wa chini. Vimiguu vya sanduku ni vifupi mno. Vikizama katika zulia nene, matundu huzibwa na joto hubaki ndani. Feni huanza kupiga kelele, kisha kompyuta hujizima yenyewe ili isiungue. Wengi hudhani ni virusi, wakamlipa fundi asafishe programu zisizo na kosa lolote.

Tiba yake ni rahisi. Tafuta ubao mgumu wenye unene wa sentimita 2 hivi, mpana kuliko sanduku pande zote, uweke juu yake. Stuli fupi iliyo imara ni bora zaidi, kwani huliepusha sanduku na vumbi pamoja na maji ya kupigia deki. Nyuma yake acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Wakati wa kiangazi, malori yanapotimua vumbi mchana kutwa, safisha matundu mara kwa mara kwa brashi kavu na laini, baada ya kuzima na kuchomoa plagi.

Atembeaye juu ya zulia la nailoni katika hali ya hewa kavu hukusanya mwilini umeme tuli wa volti elfu kadhaa. Haumdhuru mtu, bali huweza kuharibu vipande vya ndani vya kompyuta. Kwa sababu hiyo, fundi asilifungue sanduku akiwa amepiga magoti zuliani. Afanye kazi mezani, na kwanza aguse chuma kitupu cha sanduku.

Linalotutia hofu zaidi ni waya wa ekstensheni uliofichwa chini ya zulia. Tunajua hufichwa ili watu wasijikwae. Hata hivyo, waya uliofunikwa haupoi vizuri, na miguu ya watu na viti huuponda siku baada ya siku, wala hakuna auonaye ukichubuka. Upitishe kando ya ukuta, na usichomeke birika la umeme katika ekstensheni ileile ya kompyuta. Tena, plagi zetu zina meno matatu. Lile refu huunganisha chombo na ardhi. Likikatwa, hitilafu ndogo huweza kulifanya sanduku la chuma lipige shoti.

Moto ukizuka, zima swichi kuu ikiwa unaifikia bila hatari. Usimwage maji kwenye umeme. Moshi ukizidi, toka nje na wenzako, kisha piga 999 au 112.

Sanduku lililo sakafuni karibu na mlango pia ni jepesi kuibwa, na kwetu sisi tunaoishi mpakani, mali iliyoibwa usiku huweza kuwa nchi jirani kabla ya mapambazuko. Andikeni nambari ya mfululizo iliyobandikwa kwenye sanduku, muihifadhi pamoja na risiti mahali pengine, si katika droo ya meza hiyohiyo. Kompyuta ikipatikana, iwe upande huu au ule, nambari hiyo ndiyo itakayotuwezesha kumkabidhi mwenyewe.