Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Ndani Mna Haki ya Nani



Wengi wetu tunalala bweni, watu wanne chumba kimoja, na habari ya kununua nyumba tunaiona ni ya wazee. Mimi imenifika mapema. Likizo iliyopita kaka yangu, anayefanya kazi Kampala, aliniita. Alikuwa ameweka akiba miaka sita na amepata nyumba ya vyumba viwili wilayani Wakiso. "Wewe ndiye unayesoma dini," akasema, "twende ukaniangalizie."

Bei ilikuwa nafuu mno, na muuzaji alikuwa na haraka. Kaka alipokuwa akikagua paa, mimi nilizunguka nyuma nikapiga hodi. Akatoka mama mmoja na watoto watatu. Nikamwuliza kama ni mpangaji. Akajibu, "Mwanangu, nyumba hii aliiacha marehemu baba yao hawa." Muuzaji alikuwa ami yao.

Tulirudi mjini kimya. Kaka alikwisha kutoa arbuni ya shilingi milioni mbili. Mwishowe akasema, "Usingepiga hodi, tusingejua." Sikuwa na jibu la haraka, ila nimeandika somo hili.

1. Mali ya yatima

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina, kiwanja alichokitaka kwa ajili ya msikiti kilikuwa cha yatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kukitoa bure. Akakataa kukichukua hivyo, mpaka akakinunua. Basi ikiwa kwa nyumba ya Allah haki ya yatima haikuchukuliwa hata kwa ridhaa yao, itakuwaje kwa nyumba yangu na yako, na wenyewe hawana habari? Suratun Nisaa, aya ya 10, inamfananisha anayekula mali ya yatima kwa dhuluma na mtu anayejaza moto tumboni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: umeipataje? Akisema ni urithi, omba kuona barua ya mahakama inayompa usimamizi wa mirathi, kisha uwajue warithi wote, pamoja na wajane na mabinti.

2. Anayeishi juu ya ardhi

Hapa Uganda ardhi humilikiwa kwa njia nne: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo na ya kukodi kwa muda. Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Katika ardhi hiyo mmoja anaweza kuwa na hati, na mwingine akawa na kibanja chake palepale, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda. Ukinunua hati bila kumuuliza mwenye kibanja, umenunua ugomvi. Vilevile, ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume wa muuzaji.

Hadithi sahihi inatuonya kwamba anayedhulumu shibiri moja ya ardhi atafungwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Shibiri ni kiganja tu kilichokunjuliwa.

3. Jirani na bei

Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi', aliyetaka kuuza nyumba zake mbili zilizokuwa katika boma la Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Sa'd alimwambia hazidishi elfu nne, tena kwa mafungu. Wengine walikuwa wamekwisha kumpa Abu Rafi' dinari 500 taslimu, thamani iliyo kubwa zaidi. Hata hivyo akamuuzia Sa'd, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, jirani ni sehemu ya nyumba, basi kaa naye umsikilize kabla hujanunua. Pili, kulipa kwa mafungu si aibu wala si riba, maadamu bei imejulikana na haiongezeki ukichelewa.

4. Fedha

Mkopo wa riba tunaujua hukumu yake. Lakini tusiishie kusema haramu. Mwaka 2016 Bunge letu lilirekebisha sheria ya taasisi za fedha, likafungua mlango wa benki za Kiislamu. Katika murabaha benki huinunua mali kwanza, kisha hukuuzia kwa bei na faida iliyo wazi. Hakikisha kweli imeimiliki kabla ya kukuuzia.

Na arbuni? Wanazuoni wamehitilafiana. Wengi wameikataa ile ambayo muuzaji hubaki nayo mauzo yakivunjika, na Hanbali wakairuhusu. Wewe jiepushe na mzozo huo: usitoe kitu kabla ya kuthibitisha hati katika ofisi ya ardhi ya kanda, kumpeleka mpima ardhi, kumwona mwenyekiti wa LC na kupiga hodi milango yote. Kisha andikeni na muweke mashahidi, kama Suratul Baqara, aya ya 282, inavyotufundisha katika madeni na biashara.

Kaka hakuinunua ile nyumba. Milioni mbili hazijarudi mpaka leo, naye bado analipa kodi ya chumba. Wiki iliyopita alinipigia simu kuhusu kiwanja kingine, kidogo zaidi na ghali zaidi. Kabla sijauliza neno akaniambia, "Nimeshapiga hodi."

Allah atujaalie makazi ya halali, yenye utulivu na majirani wema. Aamin.

Maswali ya darasa
1. Mrithi mmoja ameuza nyumba bila wenzake kujua. Mnunuzi aliyekuwa hajui afanye nini akijua?
2. Kuna tofauti gani kati ya murabaha na mkopo wa riba, ikiwa mwisho wa hesabu kiasi ni kilekile?
3. Je, bei ya chini mno ni riziki au ni onyo? Utajuaje?