Breki kwanza, bampa baadaye: namna ya kuandaa pikapu kwa njia za Kichiwa

Ukitaka kujua kama pikapu imeandaliwa vizuri kwa kazi za huku kwetu, ipakie mzigo, iteremshe mlima, kisha kanyaga breki. Matairi makubwa, winchi na taa za juu ya kabini vitasubiri. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wengi wakivuna tu viazi au kuuza mbao, pesa ya kwanza inakwenda kwenye bampa la chuma, na breki zinabaki zilezile zilizokuja na gari.

Kata yetu ya Kichiwa iko upande wa Makambako, katika Wilaya ya Njombe, na pikapu hapa haina msimu wa kupumzika. Inabeba viazi, mahindi, mbao, maparachichi, mbolea, na pengine mgonjwa usiku. Njia za vijijini ni za udongo mwekundu, na mvua zikishika kuanzia Novemba hadi Aprili udongo huo unateleza kama sabuni. Ukitoka vijijini unaingia lami ya Makambako–Songea, ambako malori na mabasi hayakusubiri. Mwenye kupeleka mzigo Dar es Salaam bado ana mteremko wa Kitonga mbele yake, na anaushuka akiwa amejaza.

Gari langu ni Toyota Hilux ya dizeli, ile ya Vigo, yenye diski mbele na dramu nyuma. Nimelirekebisha kidogo kidogo, kadiri mavuno yalivyoruhusu. Utaratibu nitakaoueleza unamfaa pia mwenye Land Cruiser mkonga, Ford Ranger au Mitsubishi L200.

Hesabu kilo, usihesabu magunia

Pikapu ya namna hii imetengenezwa kubeba karibu tani moja, dereva na abiria wakiwemo. Magunia 10 ya viazi yenye kilo 100 kila moja tayari yameimaliza tani hiyo. Yakiwa lumbesa, umeshapita kiwango hata kabla utingo hajapanda juu.

Sasa ongeza vile ulivyofunga mwenyewe. Winchi ya umeme yenye waya wa chuma ina karibu kilo 40. Bampa la chuma, keria, tairi ya akiba ya pili na madumu ya mafuta navyo vina uzito wake, tena huo haushuki sokoni. Unatembea nao kila siku.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo haliongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, breki zina kazi mara nne ya ile ya kwanza ili kusimamisha gari lilelile. Ndiyo maana gari linalosimama vizuri kwenye njia ya kijijini linaweza kukushangaza ukifika lami.

Rudisha breki ulizonazo kwenye hali yake

Kabla ya kununua kitu kipya, mpe fundi gari siku nzima akague kilichopo. Mara nyingi nusu ya matengenezo inaishia hapo.

Anza na mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mimi natumia DOT 4, na nayabadilisha yote kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, kwa hiyo usiichanganye na hizo nyingine hata kidogo. Fungua kifuniko utazame rangi: mafuta mazuri yanang'aa kama yalivyotoka koponi, yaliyochoka yana weusi.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Fundi wangu hulala chini ya gari na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa, mimi nakaa kwenye usukani. "Pampu, kaka. Tena. Shikilia!" Analegeza nati, mapovu yanatoka, anafunga, ndipo anasema "achia." Ukiachia kabla hajafunga, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Tunaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na kumalizia mbele kulia. Gari lenye ABS lifuate maelekezo ya kitabu chake.

Kwenye diski, tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma yanayoonyesha unene wa chini unaoruhusiwa. Ikipungua hapo, tupa. Usikubali kuipeleka kuchongwa tena.

Dramu za nyuma husahaulika kwa sababu hazionekani, na huko ndiko matope yetu yanakolala. Mvua zikiisha zifunguliwe, zioshwe kwa maji au kitambaa kilicholowa. Vumbi lake lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, maana shuu nyingine za zamani zina asbesto. Halafu shuu zirekebishwe: bisibisi inaingia kwenye tundu dogo nyuma ya dramu, gurudumu lenye meno linazungushwa hadi tairi likwaruze, kisha linarudishwa kidogo hadi lizunguke huru. Kazi hii ndogo huinua pedali na kuipa hendibreki nguvu yake.

Ukiongeza springi, kumbuka valvu ya mzigo

Hapa ndipo ninapowaomba wenye pikapu wasome taratibu. Hilux nyingi zisizo na ABS zina valvu iliyofungwa kwenye chasisi karibu na difu ya nyuma, yenye fimbo iliyoshikana na ekseli. Mzigo ukilaza gari, fimbo inaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, valvu inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na mkia usichezewe na utelezi.

Sasa wengi wetu tunaongeza springi za nyuma ili gari lisilale. Likishainuliwa, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na tani moja mgongoni. Breki za nyuma zinafanya uvivu, za mbele zinabeba kazi yote, zinachemka, na pedi zinaisha haraka. Unabadilisha pedi kila mara na kulaumu duka la spea, kumbe tatizo liko nyuma.

Dawa yake ni kuisogeza fimbo au kibano chake kwa kadiri gari lilivyoinuka. Isipitilize, kwa sababu ikizidi magurudumu ya nyuma yatajifunga gari likiwa tupu kwenye tope. Ijaribu mahali wazi, bila mzigo kisha na mzigo. Fundi akikwambia aifunge kabisa au aiondoe, tafuta fundi mwingine.

Ukiwa chini ya gari, tazama pia mipira ya breki. Inua chasisi kwa jeki, ekseli ining'inie, kisha kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho. Mpira wowote unaovutika au kugusa tairi ni mfupi mno kwa gari lililoinuliwa.

Hapo sasa ongeza nguvu

Nilianza na pedi za daraja la kazi nzito. Pedi nzuri ina sanduku lenye namba inayolingana na gari, na chuma chake hakina kutu wala gundi iliyovuja. Kwa spea za Toyota, Makambako mara nyingi inatosha kwa sababu ni njia panda ya magari ya Zambia na Songea. Zisipopatikana huagizwa Kariakoo. Feki ni nyingi, hivyo nunua kwa muuzaji atakayekubali urudishe.

Kisha diski zenye mifereji, ambayo husaidia kufuta maji na tope. Zile zenye matundu nimeziacha, maana hujaa uchafu na zinaweza kupata nyufa kuanzia kwenye matundu. Baada ya hapo mipira iliyovikwa nyuzi za chuma, ambayo haivimbi unapokanyaga.

Kalipa kubwa ni hatua ya mwisho. Zinahitaji mafuta mengi zaidi, hivyo bila masta silinda inayolingana pedali itashuka sana. Rimu nayo iwe na nafasi ya kuzipisha. Kubadilisha dramu za nyuma kuwa diski sishauri, kwa sababu hendibreki imo ndani ya dramu, na katika milima hii hendibreki ni uhai.

Pedi mpya zizoeshwe. Alfajiri, lami ikiwa tupu, nenda kwa kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama, ziache zipoe kidogo, rudia mara kadhaa.

Vifaa vinavyostahili nafasi yake

Matairi ndiyo ya kwanza, lakini ukubwa una gharama. Ukitoka inchi 29 ukaweka 32, breki zinashindana na tairi lenye nguvu ya karibu asilimia 10 zaidi, na kipima mwendo kikisoma 80 wewe uko 88.

Cheni za matairi, koleo na kamba imara ya kuvutia vimenitoa kwenye tope kuliko kitu kingine chochote. Ukitaka winchi, chagua yenye uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo, na uchukue ya kamba ya sintetiki ili kupunguza uzito wa mbele. Taa za ziada zipitishwe kwenye rilei, na fyuzi ikae karibu na betri. Taa za breki zisifichwe na mzigo.

Breki nzuri zinahitaji dereva

Kitonga na miteremko yote ishuke kwa gia ndogo, injini ikusaidie kushikilia gari. Usizime injini wala kuweka nyutro ili kuokoa dizeli: nguvu ya kusaidia pedali inatokana na pampu ya injini, na injini ikizimika inabaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu.

Jifunze pia kusikiliza mguu wako. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halishiki, na unasikia harufu ya kuungua, pedi zimepata joto kupita kiasi. Pedali ikilegea na kuzama, mafuta yamechemka. Kwa hali zote mbili shusha gia, tafuta mahali salama, simama hadi zipoe. Usimwagie maji diski zenye moto.

Ndugu zangu wa Kichiwa, Mtwango, Igongolo na kwingineko Njombe, pikapu zetu zinabeba mazao, na juu ya mazao huwa tunapandisha watu. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, peleka gari kwa fundi, yakaguliwe mafuta, mipira, dramu na ile valvu ya nyuma. Pesa itakayobaki ndiyo ya bampa.