Namna ya Kuandika Habari za Jumuiya Katika Chuo cha Dini Nyingi

Chuo kidogo cha teolojia chenye watu wa dini mbalimbali huwa na habari nyingi kuliko ukubwa wake. Katika wiki moja panaweza kuwa na mahafali, msiba, futari ya pamoja, mhadhara wa mgeni na mfungo unaoanza. Zote hizo huingia katika kijarida kimoja kinachosomwa na mchungaji, imamu, rabi, mkutubi, mpishi na mlinzi wa getini. Na kila mmoja wao, akishamaliza kusoma, anakuwa ameshajua kama chuo kinamhesabu kuwa mwenyeji au mgeni.

Kwa hiyo kazi ya kuandika kijarida hicho si ndogo, wala si ya kumtwika katibu muhtasi siku ya mwisho wa wiki. Ina mbinu zake, na msingi wake ni huu: usiandike kuhusu watu, andika pamoja nao.

Chuo kinachofaa kuangaliwa kwa jambo hili ni Hartford International University for Religion and Peace, kilichoko jimbo la Connecticut nchini Marekani. Kilianza mwaka 1834 kama chuo cha Waprotestanti cha kuandaa wachungaji. Mwaka 1892 alifika hapo Mskoti Duncan Black Macdonald kufundisha lugha za Kisemiti, naye akawa miongoni mwa wasomi wa mwanzo Marekani waliojikita katika Uislamu. Mwaka 1973 chuo kikafungua kituo cha kusomea Uislamu na uhusiano wa Wakristo na Waislamu, kikakipa jina la Macdonald. Baadaye kikaanza kuwaandaa Waislamu kuwa walezi wa kiroho hospitalini, magerezani, jeshini na vyuoni. Jina la sasa kilichukua mwaka 2021.

Chuo hicho ndicho chenye jarida la kitaaluma la The Muslim World. Jarida lilianzishwa mwaka 1911 na mmisionari Samuel Zwemer kwa ajili ya Wakristo waliotaka kuwafikia Waislamu. Wakati huo Mwislamu alikuwa mada. Leo Mwislamu na Mkristo wote ni waandishi humo, na anayesoma hajui atamkuta nani ukurasa unaofuata. Safari hiyo iliyochukua miongo mingi, kijarida chako kinaweza kuianza toleo lijalo.

Nyumbani Afrika Mashariki nako elimu hii inahitajika. Chuo Kikuu cha St. Paul's kilianza Freretown, Mombasa, mwaka 1903, kikahamia Limuru mwaka 1930, na leo kina kituo cha uhusiano wa Wakristo na Waislamu Eastleigh, Nairobi. Mahali popote ambapo watu wa dini tofauti wanasoma chini ya paa moja, mtu fulani lazima awaandikie matangazo. Mbinu zifuatazo ni za mtu huyo.

1. Tafuta wapasha habari kabla ya habari

Usikae ofisini ukisubiri kuletewa. Kila jumuiya iliyomo chuoni iombe itoe mtu mmoja wa kukuletea habari: Waislamu, Waanglikana, Waorthodoksi, Wayahudi, Wahindu, Wasabato, na wafanyakazi wasio walimu pia. Usimchague wewe, wamchague wenyewe. Mpe siku moja ya kukuletea habari kila wiki na maswali manne ya kuuliza: nani kapata jambo, jema au baya? Kuna ibada au sikukuu gani mbele? Nani anahitaji msaada? Nini hakikuandikwa sawa toleo lililopita?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa dini yenye watu wachache chuoni mara nyingi hukaribishwa miaka mitatu mfululizo bila kupewa jembe. Mpe safu aihariri yeye mwenyewe, achague habari, aandike kichwa, aamue picha. Hapo ndipo anapokuwa mwenyeji.

2. Anza mwaka na kalenda moja

Kabla ya muhula kufunguliwa, kaa na wapasha habari wako mtengeneze kalenda ya mwaka mzima, kisha mpelekee mkuu wa taaluma ili mitihani isiangukie sikukuu ya mtu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Pasaka nayo huhama, na Wakristo wenyewe huwa hawaisherehekei siku moja: mwaka 2024 Wakatoliki na Waprotestanti walisherehekea 31 Machi, Waorthodoksi 5 Mei, mwaka 2025 wote wakakutana 20 Aprili.

Kuna siku ambazo mambo hukusanyika. Tarehe 15 Aprili 2022 ilikuwa Ijumaa Kuu kwa Wakristo wengi, ilikuwa Ijumaa katikati ya Ramadhani, na jua lilipozama Wayahudi wakaanza Pasaka yao. Mhariri mwenye kalenda huiona siku kama hiyo miezi sita kabla, akaomba vyumba vya ibada vipangwe na mkutano wa idara usogezwe. Asiye na kalenda huletewa malalamiko.

Kwa sikukuu zinazotegemea mwezi, andika siku mbili na utaje atakayethibitisha: "Idi itakuwa Jumatatu au Jumanne, kutegemea kuandama kwa mwezi. Imamu wa chuo atatangaza Jumapili usiku." Usiandike siku moja ukajifanya una hakika.

3. Andika siku na saa bila kuacha shaka

Kwa Wayahudi siku huanza jua linapozama, kwa hiyo Sabato yao inaingia Ijumaa jioni. Kwa Waswahili wengi wa pwani pia, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi jioni, ilhali mtu wa bara huenda akaelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Tangazo la dua likisema tu "usiku wa Ijumaa", nusu ya watu watakuja wakute ukumbi umefungwa. Andika "Alhamisi tarehe 9, saa moja jioni". Na kama chuo kina wanafunzi wa kigeni, ongeza saa kwa tarakimu, 19:00, ili saa moja isije ikasomwa kuwa 1:00.

4. Pima tangazo la chakula neno kwa neno

Chukua tangazo hili, la aina inayoonekana kila mahali: "Chakula cha pamoja ni Ijumaa saa saba mchana. Wote mnakaribishwa. Waislamu watatafutiwa chakula chao." Mwandishi alikusudia wema, lakini saa saba mchana siku ya Ijumaa Waislamu wako msikitini. Halafu alipomaliza kusema "wote", aliwatenga mara moja kwa "chakula chao". Tangazo hilohilo linaweza kuandikwa hivi:

"Chakula cha pamoja kitakuwa Jumatano tarehe 12, saa kumi na mbili na nusu jioni (18:30), ukumbi wa chini. Nyama yote ni halali, na ipo meza ya chakula kisicho na nyama. Mwenye mfungo au mwiko wowote wa chakula amwone mpishi kabla ya Jumatatu."

Hakuna dini iliyotajwa, na kila mtu amepata jibu lake. Muda wa kumwona mpishi una sababu: chakula cha Myahudi anayeshika sheria za kosher lazima kitoke katika jiko linalofuata sheria hizo, na kukiagiza kunachukua siku. Usidharau mambo ya chakula. Waliokuwepo Tanzania mwaka 2013 wanakumbuka jinsi ubishi wa Waislamu na Wakristo kuhusu nani achinje ulivyoleta vurugu na kumwaga damu Kanda ya Ziwa.

5. Mwite mtu anavyojiita

Tengeneza mwongozo wa uandishi wa ukurasa mmoja. Uwe na majina ya watu wote kama wanavyoyaandika wao, pamoja na vyeo wanavyovitumia: Mchungaji, Padri, Sheikh, Ustadhi, Rabi, Sista, Dakta. Ukimwita mwalimu Mkristo "Mchungaji Dakta" na mwenzake Mwislamu mwenye shahada ileile ukamwita "Ustadhi" tu, umempunguzia kilicho chake.

Amua pia namna ya kuwataja wanaoheshimiwa katika dini. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: maneno ya msemaji yaachwe yalivyo, kwa hiyo Mwislamu akisema Nabii Isa na Mkristo akisema Bwana Yesu, kila mmoja anaandikwa kwa ulimi wake. Sala na salamu zinazofuata jina la Mtume Muhammad zibaki katika makala zilizosainiwa na Waislamu. Kijarida chenyewe kitumie majina ya wazi, na kisiseme "ibada ya kawaida" kikimaanisha ibada ya walio wengi.

6. Msiba haungoji toleo

Waislamu na Wayahudi huzika mapema, aghalabu siku hiyohiyo au ya pili. Tangazo la msiba likingoja kijarida cha Jumatatu, watu watasoma habari za maziko yaliyokwisha. Weka njia ya haraka, ujumbe wa simu wenye mistari mitatu: nani amefariki dunia, maziko au ibada ni wapi na saa ngapi, nani apigiwe. Usitume kabla hujapata ruhusa ya familia.

Maneno ya tanzia waulize wafiwa. Familia moja itataka "amelala katika Bwana", nyingine "ametangulia mbele ya haki". Usipojua, "amefariki dunia" halimkwazi mtu. Kama chuo kimezoea kupeleka maua, ulizeni kwanza, maana Wayahudi wengi hawatumii maua mazikoni. Baadaye, kijarida kitoe kumbukumbu nzuri ya marehemu na kitaje siku za hitima, ibada ya shukrani au siku saba za kukaa matanga za Wayahudi, ili wenzake wajue lini waende kutoa pole.

7. Picha ina maswali matatu

Usimpige mtu picha akiwa amesujudu au anapokea ushirika kwa sababu tu mwanga ni mzuri. Usipeleke kamera kwenye ibada ya Sabato ya Wayahudi wanaoshika sheria, wala kwenye mkusanyiko wa wanawake Waislamu waliovua hijabu kwa kuwa wako peke yao.

Zaidi ya hapo, vyuo vya namna hii hupokea watu kutoka nchi zenye vita. Hartford ina masomo ya ujenzi wa amani ya kimataifa yanayovuta wanafunzi wa aina hiyo. Picha ya kijana ameketi mezani na mtu wa dini nyingine inaweza kuwa furaha chuoni na hatari kwa ndugu zake kijijini. Kwa hiyo muulize mambo matatu, moja moja: picha ichapwe kwenye karatasi? Iwekwe kwenye intaneti? Jina liandikwe? Anaweza kukubali la kwanza akakataa mengine. Na habari ya mtu kubadili dini haiandikwi na yeyote isipokuwa mwenyewe ameomba.

8. Dunia inapowaka

Baada ya shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la 7 Oktoba 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, vyuo vingi vya Marekani viliingia katika mvutano mkubwa. Chuo cha dini nyingi hakiwezi kujifanya hakioni. Lakini kijarida kisiandike "jumuiya yetu yote inahisi hivi", kwa sababu haihisi hivyo. Andika kilichotokea chuoni: nani walikutana, walijadili nini, mnasihi anapatikana saa ngapi. Tamko la uongozi litiwe saini na uongozi, likae mbali na habari. Wanaotaka kusema waandike kwa majina yao, kila mmoja kwa urefu uleule, na asiyekubaliana apewe nafasi toleo hilohilo. Kuficha tofauti ili watu waonekane wamepatana kunawafanya waliojeruhiwa waache kusoma kijarida.

9. Weka daftari la mizani

Kila toleo likitoka, andika kwenye daftari: nani ametajwa, na kwa jambo gani. Mwisho wa muhula lisome. Mara nyingi utakuta Waislamu wanaonekana Ramadhani tu, Wahindu siku ya Diwali tu, na wapishi na wasafishaji hawapo kabisa. Haitoshi kila kundi kupata idadi sawa ya habari. Mwislamu aandikwe pia alipochapisha kitabu, Mhindu aliposhinda mchezo wa mpira, mlinzi alipomsomesha mwanawe hadi akahitimu. Mtu ana maisha zaidi ya sikukuu yake.

Ukikosea, sahihisha palepale kosa lilipokaa, kwa herufi za ukubwa uleule, bila maelezo marefu.

Hatua ya mwisho ni fupi, na ndiyo ninayokuomba usiiache hata ukiwa umechelewa. Kabla ya kupeleka toleo kwa mchapaji au kulituma kwa barua pepe, mpe mtu mmoja wa dini isiyo yako alisome lote, umwulize: wewe na wenzako mmeandikwa humu kama wenyeji? Akisita, rekebisheni pamoja. Kijarida ambacho hakijapita katika mikono hiyo hakijawa tayari kutoka.