Shogi la Choroko na Palahala wa Shimba

Mwanangu mdogo, baada ya kuwatazama katika simu dubu wa Alaska wakidaka samaki mtoni, aliniuliza ni lini nitampeleka naye akawapige picha. Nami nikamjibu kwamba dubu wa mwisho wa bara letu, waliokaa katika milima ya Atlas, walitoweka karne ya 19, walakini sisi watu wa Likoni tunaye jirani ambaye Kenya nzima hapatikani mwituni pengine ila Shimba Hills, naye ni palahala, mwenye pembe ndefu zilizopindia nyuma mfano wa majambia. Hivyo ndivyo ilivyoanza siku ile ya aibu.

Hatua ya kwanza ni kuamka mapema. Kwenda Kwale, iliko Shimba, hatuhitaji feri, na hiyo ni moja katika neema chache tulizokirimiwa sisi tusiokaa kisiwani. Pinda Kombani, panda vilima, na lango lifunguliwapo saa kumi na mbili asubuhi uwe umekwisha fika, na ada umekwisha ilipa kwa simu, kwani fedha taslimu haipokelewi. Maji, kofia na chakula cha watoto mwayajua wenyewe.

Hatua ya pili ni vyombo, na hapa yanipasa nitoe dukuduku langu. Muuza kamera mmoja wa mjini, ambaye jina la duka lake nalisitiri, alinishawishi ninunue stendi ya miguu mitatu kwa bei ambayo ingenilisha mwezi mzima, akisema, "Mzee, bila hii picha zako zote zitatikisika." Alisema kweli, ila hakuniuliza nitaisimamisha wapi. Ndani ya hifadhi haijuzu kushuka garini ila mahali palipotengwa, na garini tulikuwamo mimi, mke wangu, mama yangu, watoto watatu na sufuria ya pilau. Basi mguu mmoja wa stendi ukakaa mapajani mwa mke wangu, wa pili ukamziba mtoto uso, na wa tatu, Mola atustahi, ukazama katika pilau.

Saa hiyo hiyo dume la palahala likajitokeza kando ya msitu, hatua zisizozidi ishirini, jeusi kama kaa, tumbo jeupe, na usoni mistari miwili kana kwamba fundi ameipitisha kwa brashi ya chokaa. Likasimama likitafuna, jani moja refu likining'inia pembeni mwa mdomo, likatungoja. Nikapiga picha kumi na nne, ilhali dereva hajazima injini na gari lote linatetema. Jioni mama yangu akatazama picha iliyo bora katika hizo, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni palahala ama chungu kilichoungua?"

Amma dawa niliipata kwake. Mama, aliyeshona nguo za watu tangu ujana wake, alisema kwamba punda hachukui mzigo juu ya vijiti, bali hubeba shogi, lililoegemea ubavu huu na huu. Akakata kitambaa cha kaniki, akashona mifuko miwili iliyoungana kwa ukanda wa upana wa kiganja, akaitia kila mmoja kilo moja ya choroko. Kioo cha dirisha huinuliwa hata nusu, shogi likatandikwa juu yake, mfuko mmoja ndani na mwingine nje, na kamera ikalazwa katikati. Siri ni kutoijaza mifuko: choroko zikijaa, kamera hukaa juu yake kama juu ya jiwe, zikiwa theluthi mbili huteleza zikaikumbatia lenzi hata haina pa kuchezea. Nilijaribu mchanga, ukavuja kwa tundu la sindano na kamera ikasaga meno wiki mbili. Nikajaribu pamba, ikarukaruka. Mchele nao una vumbi lake. Injini lazima izimwe, na pumzi izuiwe kidole kinapobonyeza. Fauka ya hayo, kamera ikiachiwa hiari yake humwona mnyama mweusi ni giza, ikaongeza mwanga hata akatoka kijivu, basi ipunguzie.

Hatua ya tatu nilikusudia iwe maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20, lakini safari ya pili hatukufika huko, kwa kuwa dume lilitokea tena na hakuna aliyetaka kuondoka. Wapendao ndovu na waende Mwaluganje, hifadhi ya wenyeji iliyofunguliwa mwaka 1995, ambako hata kinyesi cha ndovu hutengenezwa karatasi. Shimba kwenyewe walisongamana hata mwaka 2005 zaidi ya 100 wakahamishiwa Tsavo Mashariki. Mimi nalitaka palahala, na safari hii nilihesabu kope zake.

Usiku ule mama akaufumua mshono, akazimwaga choroko katika ungo, akachagua changarawe za njiani moja moja chini ya taa, akaziroweka. Kesho yake tulizila kwa nazi. Safari ya tatu, nimeambiwa, ninunue zangu.