Mtoto Akiumwa na Sikio Usiku

Wasomaji wetu wa Otonglo na wa vijiji vya kando ya Ziwa wanalijua jambo hili. Mtoto amelala mzima. Usiku wa manane anaamka akilia, anashika sikio, hataki kunyonya wala kulazwa. Zahanati imefungwa. Ndipo dani wa nyumba humwambia mama wa mtoto, "Kachume dek, mwanangu." Majani hupashwa moto, husuguliwa viganjani, na maji yake hutiwa sikioni.

Wengi wetu tulilelewa hivyo, na kusudi la wazee lilikuwa jema. Lakini je, dawa hiyo hufika penye ugonjwa? Hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

SIKIO LILIVYO

Tundu la sikio ni njia fupi isiyotokea. Mwisho wake pana kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo pana chumba kidogo chenye hewa, na kutoka chumba hicho upo mfereji mwembamba unaokwenda mpaka nyuma ya pua.

Kwa mtu mzima mfereji huo ni mrefu, nao una mteremko. Kwa mtoto ni mfupi, tena karibu umelala sawasawa. Kila mkulima ajua kwamba mfereji usio na mteremko hutuamisha maji. Basi mtoto akishikwa na mafua, mfereji huvimba na kuziba, maji hukaa chumbani, vijidudu huzaana, na usaha hukisukuma kiwambo kutoka ndani. Hayo ndiyo maumivu yamwamshayo usiku.

Sasa na tufikiri. Kiwambo kikiwa kizima, maji ya dek hayawezi kupita, yanaishia mlangoni. Kiwambo kikiwa kimetoboka, yatapita, lakini yataingia pamoja na vumbi la shamba na vijidudu vya viganja. Kwa vyovyote mtoto hapati faida. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta ya kupikia, kitunguu saumu, maziwa ya mama, mkojo, na mafuta ya taa. Dek ni mboga njema sana, lakini mahali pake ni chunguni.

MAMBO YA KUFANYA USIKU HUO

1. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto kidogo, ukikamue sana, ukijaribu kwanza juu ya mkono wako upande wa ndani. Kisiwe cha kuunguza. Kiweke nje ya sikio kwa muda wa dakika 10 hivi. Joto hutuliza, wala halihitaji kuingia ndani.

2. Mpakate mtoto akiwa wima, kwa maana akilala chali maumivu huzidi.

3. Mnyonyeshe mara kwa mara. Mkubwa mpe maji au uji mwepesi kidogo kidogo. Kumeza husaidia kuufungua ule mfereji.

4. Ukiwa na dawa ya maji ya paracetamol ya watoto, mpe kwa kipimo kilichoandikwa. Kati ya dozi na dozi zipite saa 4 au zaidi, wala zisipite dozi 4 katika saa 24. Aspirini usimpe mtoto. Mtoto wa chini ya miezi 2 usimpe dawa yo yote bila shauri la daktari.

Kulipokucha, mpeleke zahanati hata kama ametulia. Muuguzi ataamua kama inafaa apewe dawa ya kuua vijidudu. Usimpe vidonge vilivyosalia vya mtoto mwingine.

USAHA UKITOKA

Pengine kiwambo hupasuka na usaha hutoka. Maumivu hupungua, na mama hufikiri mtoto amepona. Hajapona bado. Shirika la Afya Duniani hufundisha kukausha sikio kwa utambi. Chukua kitambaa safi kinachonyonya maji, ukisokote kama utambi wa taa, ukitie polepole mdomoni mwa sikio. Kikilowa, kitoe, utie kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara 3 au zaidi kila siku. Usiache utambi sikioni, wala usitumie njiti ya kiberiti. Na mtoto huyo asiogelee ziwani, iwe ni Usoma au Dunga, mpaka apone.

PUNJE SIKIONI

Wakati wa mavuno watoto hucheza na punje za mahindi na maharagwe, na pengine huzitia sikioni. Usimwage maji humo, kwa sababu mbegu ikilowa huvimba, kama ivimbavyo udongoni. Usiichokoe. Mpeleke kwa daktari.

DALILI ZA HATARI

Usingoje asubuhi ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au shingo imekakamaa, au mtoto ana degedege, au anatapika kila kitu, au amelegea hawezi kunyonya. Vilevile mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa. Mpeleke hospitali mara moja. Kwa watu wa Otonglo, Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee huiita Russia, iko mjini Kisumu.

KWA NINI TUNASEMA HAYA

Mimi si daktari, ni karani wa kilimo tu. Lakini nilisomea ualimu. Katika darasa moja alikuwako mvulana ambaye hakujibu akiitwa. Nilimwadhibu kwa ukaidi mara mbili. Mara ya tatu nilimkaribia, nikaona usaha mkavu shingoni. Mama yake akasema sikio hilo lilikuwa likitoka tangu mwaka uliopita. Nilimketisha mbele, akaanza kujibu. Adhabu zile sijazisahau. Usaha unaodumu siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu, nao huweza kumpunguzia mtoto usikivu. Usiuzoee.

Kinga ni bora kuliko tiba. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Asikae katika moshi wa jikoni. Apate chanjo zote, pamoja na ile ya nimonia ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011, kwa kuwa kijidudu kile kile huugua masikio pia.

MASWALI

Wasomeeni wenzenu nyumbani, kisha mwulizane:
1. Kwa nini mfereji wa sikio la mtoto huziba upesi?
2. Kwa nini maji ya majani hayafiki penye maumivu?
3. Utambi hutiwa mara ngapi kwa siku?
4. Ni dalili gani zisizongoja asubuhi?