Matengenezo ya Nyumba kwa Mkono wa Mwenyewe

Somo hili limekusudiwa kusomwa kwa sauti katika vikundi vya majifunzo vya vyama vya msingi. Katibu anaombwa alisome kwanza peke yake, kalamu mkononi, kabla ya kulipeleka mbele ya wanachama, kwa kuwa baadhi ya mambo yaliyomo yanahitaji bei za dukani kwao na hali ya nyumba za kijijini kwao.

Katika Milima ya Upare ni mambo machache yanayoeleweka vizuri kuliko matengenezo ya ndiva. Katika ndiva kama ile ya Manoo, huko Bangalala, maji ya mfereji hukusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Kila mwenye zamu anajua kwamba tope likiachwa bwawa hupungua, na kwamba tundu linalopitisha maji ya kujaza kata leo litapitisha bwawa zima baadaye. Kwa hiyo msaragambo huitwa, watu hutoka na majembe na makarai, na asiyetoka hutozwa faini kwa mujibu wa taratibu za kikundi. Hakuna anayesubiri ukingo ubomoke ndipo atafute mkopo wa kujenga ndiva nyingine.

Walakini mtu huyo huyo akirudi nyumbani hukinga sufuria chini ya bati linalovuja, na mwaka unaofuata hukinga sufuria mbili. Mwaka wa tatu papi imeoza, misumari haishiki tena, na fundi anayeitwa hasemi habari ya kuziba tundu bali ya kuezua upande mzima. Hapo ndipo ombi la mkopo linapoandikwa katika chama cha akiba na mikopo, likiwa na maneno "matengenezo ya nyumba". Kwa haki lingeandikwa "ujenzi", kwani muda wa kutengeneza ulikwisha pita.

Jambo hili ni la ushirika kwa sababu nyumba ya mwanachama ndiyo ghala la kwanza la mazao yake. Kahawa iliyokwisha kukaushwa ikipata unyevu hushuka daraja kabla haijafika chamani, na tangawizi ya Mamba Miamba ikilala mahali penye maji huota ukungu. Mahindi yana hatari kubwa zaidi. Yakinyeshewa ghalani huweza kuota kuvu watoao sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haimalizwi na kupika kwa kawaida. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi tundu la msumari juu ya gunia si jambo la kucheka.

PAA

Wengi hushindwa kuziba paa kwa sababu huziba mahali pasipovuja. Tone huanguka pale maji yalipokomea, na mara nyingi si pale yalipoingilia. Maji hupita tunduni, yakafuata papi kwa hatua moja au mbili, kisha yakadondoka. Ili kulipata tundu lenyewe, ichaguliwe siku ya jua kali. Mtu mmoja aingie chumbani, madirisha na milango ifungwe, atazame juu. Penye nuru ndipo penye tundu. Apenyeze unyasi au kipande cha waya hapo, na mwenzake aliye juu atakiona kimechomoza. Kazi hii ya robo saa huokoa siku nzima ya kubahatisha kwa lami.

Anayepanda juu apande asubuhi, bati likiwa kavu na bado halijashika moto. Akanyage juu ya mistari ya misumari tu, kwa kuwa chini yake ndiko kuna papi. Akikanyaga katikati atalikunja bati na kufungua matundu mengine ambayo hayakuwapo. Ngazi ishikwe na mtu, wala si mtoto. Bati lililopigwa na umande wa Mbaga au Chome huteleza kama sabuni, na mguu uliovunjika ni gharama kuliko fundi.

Sababu ya kuvuja huwa ni mojawapo ya tatu. Ya kwanza ni msumari uliolegea. Mbao ikikauka hunywea, msumari hujisukuma nje, na upepo humaliza kazi. Mtu asiurudishe kwa nyundo katika tundu lile lile, maana atarudi tena baada ya mvua mbili. Yafaa aung'oe, aweke ulio mrefu zaidi au mnene zaidi kidogo, na chini ya kichwa chake atie kipande cha mpira kilichokatwa katika tyubu kuukuu ya gari. Ya pili ni msumari uliopigiliwa bondeni. Bati lina migongo na mabonde, na maji hupita bondeni. Msumari hupigwa mgongoni. Hili ni kosa la aliyeezeka, na kwa bahati mbaya nyumba nyingi zinalo. Dawa ni kuung'oa, kuziba tundu, na kupiga mwingine juu ya mgongo. Ya tatu ni kutu. Hapa lami ya kupaka juu juu huficha tu, kwani kutu huendelea kula chini yake. Isuguliwe kwanza kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo kiraka cha kitambaa kilicholoweshwa lami kiwekwe na kupakwa tena juu yake. Bati ambalo kidole kinalitoboa halina kiraka. Hilo libadilishwe, lakini libadilishwe hilo moja.

Wakati wa kazi hii ni kabla ya vuli, yaani Septemba, na tena Februari kabla ya masika. Nyundo za Aprili zinazopigwa mvua ikinyesha ni bure.

UKUTA NA MAJI YA PAA

Nyufa hutisha watu kuliko zinavyostahili, na pengine haziwatishi pale zinapostahili. Ipo njia rahisi ya kuupima ufa, nayo haihitaji chombo chochote. Kipande cha karatasi hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano kukatiza ufa, na tarehe huandikwa juu yake. Ncha ya ufa nayo hutiwa alama ya penseli pamoja na tarehe. Karatasi ikikaa nzima msimu mzima wa mvua, ufa huo umetulia na mwenye nyumba anaweza kuuziba mwenyewe. Ikipasuka, au ufa ukivuka alama, msingi unatembea, na hapo aitwe fundi mwashi bila kuchelewa. Makatibu wenye ofisi na maghala ya chama wangefanya vema kubandika karatasi hizo mwezi huu huu.

Ufa uliotulia hupanuliwa kwanza kwa patasi, vumbi likafagiliwa, ukaloweshwa maji, ndipo ukajazwa. Asiyelowesha hutia udongo ambao ukuta unaunyonya maji mara moja, ukakauka na kudondoka. Jambo la pili ni la kusisitizwa kwa kuwa limewatia watu wengi hasara. Ukuta wa tofali mbichi hauelewani na plasta ya saruji. Udongo hutanuka na kunywea kwa namna yake, saruji kwa namna nyingine; baada ya misimu michache plasta huachana na ukuta, maji yakaingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na ukuta ukaoza ndani huku nje unang'aa. Ukuta wa udongo hutengenezwa kwa udongo uliochanganywa na mchanga, na ukipakwa chokaa hupendeza bila kusumbua. Mwanachama anayeuza mbuzi ili anunue mifuko ya saruji kwa ukuta wa namna hiyo anauza mbuzi ili aharibu nyumba.

Chanzo cha uharibifu mwingi wa kuta hakiko ukutani, kiko chini ya mchirizi. Maji yanayodondoka kutoka paani huruka na kula mguu wa ukuta, kidogo kidogo, hata ukabaki umesimama kama uyoga. Mfereji wa upana wa jembe, uliochimbwa kuizunguka nyumba na kupewa mteremko, hutosha. Mahali palipoliwa pajazwe mawe na udongo ulioshindiliwa. Kazi hii haina bei yoyote isipokuwa jasho, na ndiyo maana huahirishwa.

Yapo mambo ambayo mfereji wa nyumba hauyawezi. Mvua za Novemba 2009 zilileta maporomoko katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, yakaua watu zaidi ya 20. Mtu aonapo ardhi yenyewe imepasuka juu ya nyumba yake, au miti imeanza kuinama upande mmoja, asitafute jembe. Awatoe watu, kisha atoe taarifa kijijini.

VITU VIDOGO

Tangu mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulipoanza kuleta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, koki ni habari inayowahusu watu wengi wa tambarare. Koki inayodondosha robo lita kwa saa hupoteza lita 6 kwa siku, na lita 180 kwa siku 30. Hizo ni ndoo 9 za lita 20, katika nchi ambayo akina mama wamebeba ndoo vichwani miaka yote. Mara nyingi kilichochakaa ni kile kipande cha mpira kilichomo ndani ya koki, ambacho mafundi hukiita washa. Maji yafungwe kwanza kwenye mlango wa maji ulio karibu na mita, koki ifunguliwe kwa spana, kipande kibadilishwe. Anayeikaza koki kwa nguvu zaidi kila siku anaimaliza.

Mpini wa jembe uliolegea hutiwa kabari ya mti mkavu. Kuuloweka usiku kucha ni kujidanganya, kwani utavimba asubuhi na kulegea saa nane.

KISICHOGUSWA

Umeme wa gridi, kuanzia nguzo hadi mita, ni wa shirika la umeme; na waya za ndani ya nyumba ni za fundi mwenye leseni. Mtungi wa gesi na kichwa chake haufunguliwi kwa koleo. Mgawanyo huu si mpya kwetu. Huko Ugweno tangu zamani kufua chuma kulikuwa kazi ya ukoo wa Washana, nao walitafutwa na watu wa mbali kwa ujuzi huo. Hakuna aliyeona aibu kwenda kwao. Ajitengenezeaye si mtu asiyemhitaji fundi. Ni mtu anayemwita fundi kwa kazi ya fundi, naye fundi akaja kwa heshima, si kwa kukaza msumari.

SANDUKU LA ZANA LA CHAMA

Wanachama wengi hawana zana, na si lazima kila nyumba iwe na ngazi na msumeno. Chama kinaweza kununua seti moja: nyundo, koleo, spana, bisibisi, patasi, mwiko, timazi, brashi ya waya na ngazi. Jambo hilo lipitishwe na Mkutano Mkuu na liwekwe katika makadirio ya mwaka, wala lisitokane na fedha ya karani iliyo mezani. Kila zana iandikwe katika daftari la mali na itiwe alama ya rangi. Kuwe na daftari la kuazima lenye jina, zana, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha na sahihi mbili. Mkutano ndio uamue nani analipa zana ikivunjika, na uamue kabla haijavunjika. Mwenyekiti naye atie sahihi. Madaftari ya namna hii aghalabu hufa siku kiongozi wa kwanza anapochukua nyundo bila kuandika, na chama kisichojua nyundo yake iko wapi kina kazi ya kueleza habari za magunia.

Yafaa pia chama kimlipe fundi mmoja siku moja, afundishe akitenda, wanachama wakishika zana wenyewe. Mazoezi hayo yafanyike juu ya ghala la chama, si juu ya nyumba ya mjumbe wa kamati. Wanawake waitwe kwa majina, hasa wajane, ambao hulipia kila msumari kwa kuwa inadhaniwa ngazi si yao. Wao ndio walalao chini ya paa hilo na ndio wa kwanza kujua linapovuja.

MASWALI YA KIKUNDI

Kila mwanachama aandike kitu kimoja kilichoharibika nyumbani kwake na mwaka kilipoanza kuharibika. Pembeni aandike safu mbili: gharama ya kukitengeneza mwaka ule, na gharama yake leo, kwa bei za duka la kijijini. Kisha kikundi kijadili: ni kazi zipi kati ya hizo zingefanywa na mwenyewe, na ni zipi za fundi? Je, ghala la chama lilikaguliwa lini juu ya paa, na nani alipanda? Na katika mikopo ya matengenezo iliyotolewa mwaka jana, ni mingapi ingalikuwa midogo zaidi kama ingaliombwa mapema?