SOMO LA AFYA: Kidonda cha Moto Kinapopona, Kiungo Kisijikunje



Mtu akimwagikiwa na uji moto, wengi wetu twajua la kufanya: maji safi ya baridi kwa dakika 20, si unga, si dawa ya meno. Aliyeungua vibaya tunamkimbiza hospitali. Somo hili ni la siku zile za baadaye, mgonjwa akisharudishwa nyumbani na bendeji yake na watu wakidhani kazi imekwisha.

Kovu la moto huvuta. Ngozi mpya hujikaza pole pole kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Mtoto aliyeungua kiganjani atapenda kukunja vidole maana hivyo haumii sana, naye mama kwa huruma humwacha. Baadaye vidole haviwezi kunyooka tena, na dawa iliyobaki ni kupasuliwa. Ni hivyo hivyo kwa kiwiko, kwapa, shingo na nyuma ya goti.

Basi kiungo kikae kimenyooka, hasa usiku. Aliyeungua kwapani alale mkono ukiwa mbali na mbavu. Wa shingoni mbele asiwekewe mto. Vidole vifungwe kimoja kimoja visije vikashikana. Kabla ya kutoka hospitali, mwombe muuguzi akuonyeshe mazoezi, na umuulize yaanze lini, maana aliyebandikwa ngozi hungoja kwanza. Mazoezi ni mara kadhaa kila siku. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa kama nusu saa mbele. Atalia, ndiyo. Mbembeleze, lakini usiache.

Kufunga kidonda: nawa mikono kwa sabuni. Bendeji ikishikana na kidonda usiivute kavu. Ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Paka dawa ya hospitali tu, si majivu wala majani. Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, au wekundu unaoenea, usingoje siku ya kliniki. Rudi mara moja.

Chakula nacho ni dawa. Uji mtupu hautoshi kujenga ngozi. Mayai, maharagwe, ndengu, omena, maziwa, chochote mlicho nacho katika hivyo, pamoja na mboga na matunda. Kidonda kikishafunga, paka mafuta yasiyo na manukato, ukisugua kovu taratibu. Litawasha sana, kwa hiyo kata kucha za mtoto, na umkinge na jua.

Yule Msamaria wa Luka 10 hakuishia kufunga majeraha. Alilipia pia mahali pa kumtunza mgonjwa. Mama anayemnyoosha mtoto mkono mara nne kwa siku atateka maji saa ngapi? Hapo ndipo kikundi kinahitajika.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kuna mtu kijijini kwetu aliyeungua mwaka huu? Kiungo chake kinanyooka?
2. Nani atamtekea maji na kuni, na kwa zamu gani?
3. Nauli ya kurudi kliniki itatoka mfuko gani?